APOLO KIVEBULAYA, MWALIMU ALIYEACHA WALIMU



Katika namba hii sisi wakubwa wa wanafunzi tumetaka kuandika juu ya maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wanalijua, lakini kazi yake hawaijui vizuri. Ni Kanoni Apolo Kivebulaya. Alikuwa mtu wa Buganda, alifanya kazi miaka mingi katika Toro, na alikufa hapa kwetu Kongo, pale Boga katika Ituri, tarehe 30 Mei 1933. Kaburi lake liko kule.

Hatukumchagua juu ya sifa zake tu. Tumemchagua juu ya shida moja inayoonekana katika vikundi vya vijana karibu kila parokia na kila shule. Kikundi kinaanzishwa na kijana mmoja mwenye moto. Yeye ndiye anahubiri, yeye anapiga gita, yeye anashika ufunguo wa kabati, yeye anachunga franga za mchango. Halafu anapata diploma yake, anaenda mbali kutafuta universite, na nyuma yake kikundi kinakufa. Watu wanamlilia na kusema alikuwa kiongozi mkubwa. Lakini ikiwa alikuwa kiongozi mkubwa, kwa nini hakuna hata mmoja aliyebaki wa kufungua mlango siku ya mungu?

Basi swali letu ni hili: namna gani mkubwa anaweza kuwatengeneza vijana mpaka wao pia waweze kuwaongoza wengine? Muzee Apolo alijibu swali hili kwa maisha yake. Tumfuate pole pole.

1. Kijana Waswa

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864. Wazazi wake walikuwa walimaji wa kawaida katika Buganda. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kwanza, kama ni mwanamume, anaitwa Waswa. Ndilo jina lake la utoto.

Wakati ule Buganda ilikuwa kama sokoni pa dini. Kabaka Mutesa alikuwa amepokea Waarabu na Waswahili waliokuja na Kurani pamoja na biashara. Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kutoka Uingereza walifika mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki wakafika mwaka 1879. Kijana Waswa alianza kwa kujifunza dini ya Uislamu. Baadaye alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, fundi wa Scotland aliyefika Buganda mwaka 1878. Mackay hakuwa mtu wa kukaa kitini. Alifua vyuma, alitengeneza mashua, na alichapa karatasi za kusomea kwa mashini ndogo ya mkono. Vijana walikuja kuangalia kazi ya mikono yake, na hapo hapo wakaanza kujifunza herufi.

Kisha miaka ya mateso ikafika. Mutesa alikufa mwaka 1884, na mtoto wake Mwanga akaogopa dini mpya. Vijana wengi wa nyumba yake, Waprotestanti na Wakatoliki, waliuawa. Siku inayokumbukwa zaidi ni 3 Juni 1886, walipochomwa moto pale Namugongo. Wengi wao walikuwa na umri wetu sisi, na wengine walikuwa wadogo kuliko sisi. Kuanzia mwaka 1888 vita vya dini vilivunja inchi. Waswa naye alipita katika vita vile na maisha ya askari. Hakuwa malaika. Alikuwa kijana kama vijana wengine, mwenye kutafuta njia yake kati ya kelele za watu wazima.

Jina lake la Kivebulaya lilitoka wapi? Lilitoka kwa koti. Alikuwa na koti nyekundu ya askari, na alipenda kuivaa juu ya kanzu yake. Watu wakamwita kwa Kiganda kile kilichotoka Ulaya. Ni jina la mzaha, lakini lilibaki naye mpaka kaburini. Tunafikiri Mungu mwenyewe alicheka kidogo, sababu mtu huyu mwenye jina la Ulaya hakupata kufika Ulaya hata siku moja, na kazi yake yote ilifanyika kwa miguu katika inchi zetu hizi.

2. Yeye mwenyewe alitumwa mapema

Alibatizwa mwezi wa Januari 1895 na kupewa jina la Apolo. Alikuwa amefika karibu miaka thelathini. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo na kuangalia tarehe, sababu siri yote ya habari hii imefichwa ndani yake. Alibatizwa mwanzoni mwa mwaka 1895, na kabla ya mwaka ule kuisha alikuwa amekwisha kutumwa mbali, katika ufalme wa Toro, karibu na milima ya Ruwenzori, kuwa mwalimu.

Iliwezekanaje? Katika mwaka 1893 uamsho uliingia katika kanisa la Buganda. Mmisionari mmoja jina lake George Pilkington, aliyefanya kazi kubwa ya kugeuza Biblia katika Kiganda, aliona kwamba wazungu wachache hawawezi kufundisha watu wote. Basi wakaanza kujenga vibanda vya kusomea katika vijiji. Vibanda vile viliitwa sinagogi. Anayejua kusoma alimfundisha asiyejua. Yule aliyejifunza leo alimfundisha mwenzake kesho. Hakuna aliyengojea mpaka amalize elimu yote. Mwalimu alifundisha kile alichokuwa nacho, kisha akarudi kwa wakubwa wake kuongeza, kisha akaenda tena.

Wako wanaosema kwamba njia hii ni ya hatari, sababu mtu anayejua kidogo anaweza kupotosha wengine. Ni kweli. Ndiyo sababu walimu wale hawakuachwa peke yao. Walitembelewa, waliitwa kusoma tena, walisahihishwa. Lakini kama wangengojea kila mmoja awe mjuzi, Apolo angezeeka katika shamba la ndizi la wazazi wake, na Boga haingemjua.

3. Jembe

Mfalme wa Toro, Kasagama, alibatizwa mwaka 1896 kwa jina la Daudi. Ngambo ya mto Semliki, juu ya mlima unaotazama bonde lile, kulikuwa na chifu aliyeitwa Tabaro. Inchi yake iliitwa Mboga. Leo tunasema Boga, katika territoire ya Irumu. Walimu wawili Waganda walitumwa kwake. Hawakukaa siku nyingi, wakarudi. Sababu ni nini? Njaa. Tabaro hakutaka kuwapa chakula tena.

Tusiwacheke haraka. Katika Buganda desturi ilikuwa wazi: mwalimu anafundisha, na watu wanamlisha. Kushika jembe kulionekana kama kazi ya wanawake, si kazi ya mtu wa vitabu. Walimu wale walifuata adabu ya kwao. Lakini adabu ya kwao haikuweza kuwaweka hai katika inchi ya wengine.

Ndipo Apolo akajitoa kwenda pahali pao. Na kabla ya kuondoka alifanya jambo moja dogo: alinunua jembe. Mwezi wa Desemba 1896 alishuka upande wa Semliki, akavuka bonde la joto, akapanda mlima wa Boga, na vitabu vyake vya kusomea na jembe lake. Chifu akitaka kumlisha, vema. Chifu asipotaka, Apolo atalima.

Wenzetu, tumezungumza sana juu ya jembe hili katika kikundi chetu, na tumeona linasema mambo mawili. La kwanza, kiongozi anayetegemea sahani ya watu atafunga kinywa chake siku sahani inapoondolewa. La pili linawahusu vijana zaidi. Mwalimu anapolima, vijana wanakuja kulima pamoja naye. Na wakati wa kulima ndio wakati wa kuuliza maswali ambayo hakuna anayethubutu kuyauliza kanisani. Mbele ya mimbara kijana ananyamaza. Pembeni ya mwalimu mwenye matope miguuni, anasema yote.

4. Kesi ya mkuki

Mwanzoni Tabaro alimpokea. Kisha mambo yakageuka, sababu mafundisho ya Apolo juu ya pombe na juu ya kuoa wake wengi yalimchoma chifu. Apolo alipigwa, na watu wakakatazwa kwenda kusoma kwake.

Halafu ajali moja ikatokea. Watu walikuwa wakibeba vyombo vya kujengea. Kati yao alikuwa dada ya chifu. Mkuki ulikuwa umelala katika majani, na yule dada akauangukia, akafa. Apolo hakumgusa, lakini adui zake walipata sababu. Alishitakiwa kwamba ameua. Akafungwa, akapelekwa Toro kwa Waingereza, na akakaa gerezani siku nyingi akingojea hukumu. Mwishoni hakuna ushahidi uliosimama juu yake, na akaachiliwa.

Katika siku zile za taabu, Apolo alisimulia baadaye, Yesu Kristo alimtokea akiangaza kama jua na kumtia moyo asiogope, sababu yuko pamoja naye. Tangu siku ile hakuwa na woga wa watu tena. Na alipopata uhuru, alirudi wapi? Hakurudi Buganda kwa mama yake. Alirudi Boga, kwa Tabaro yule yule.

Basi moyo wa Tabaro ukashindwa. Chifu aliyemtesa alianza kusoma kwa mwalimu wake, akabatizwa, na jina alilolichukua ni Paulo. Anayejua Matendo ya Mitume ataelewa kwa nini jina lile lilimfaa.

5. Nyumba isiyokuwa na mtoto, iliyojaa watoto

Miaka iliyofuata Apolo alifanya kazi zaidi katika Toro. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alikuwa ameposa msichana, lakini msichana yule alikufa, na Apolo hakuoa maisha yake yote. Katika inchi zetu mtu asiyekuwa na mke na watoto anaonekana kama mti mkavu. Lakini nyumba ya Apolo haikunyamaza. Watoto yatima, vijana waliotoka vijiji vya mbali kutafuta kusoma, wengine waliokataliwa na jamaa zao, wote walikaa kwake. Mshahara wa kasisi Mwafrika ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa ilikwisha katika chakula, nguo na vitabu vya watoto wale.

Hapa tunafika katika kiini cha habari yetu. Tukiangalia namna alivyowalea vijana, tunaona ngazi nne.

Ya kwanza ni kukaa pamoja. Kijana alimwona Apolo asubuhi akiomba, mchana akifanya kazi, usiku akichoka. Alimwona akiwa na furaha na akiwa na huzuni. Mafundisho ya saa moja kwa juma hayawezi kutoa kitu hiki.

Ya pili ni kusoma pamoja. Katika kanisa lile mtu hakubatizwa hivi hivi tu. Alipaswa kujifunza kusoma Injili kwanza. Ndiyo sababu Wakristo waliitwa wasomaji. Wanaume na wanawake, watoto na wazee, walikaa juu ya majani na karatasi moja kati yao, wakifuata herufi kwa kidole.

Ya tatu ni kutembea pamoja. Apolo alikuwa mtu wa safari. Alikwenda kwa miguu, na baadaye kwa kinga. Alipotembelea vijiji alikwenda na vijana. Njiani walibeba mizigo, lakini walijifunza pia namna ya kusalimia chifu, namna ya kuomba na mgonjwa, namna ya kupatanisha watu wenye ugomvi. Mambo haya hayafundishwi kwa ubao.

Ya nne ni kutuma, na kufuata aliyetumwa. Kijana aliyeanza kusimama alipewa kijiji chake. Hakungoja ndevu. Lakini Apolo hakumtupa kule kama jiwe mtoni. Alikwenda kumtembelea, akasikia shida zake, akamsahihisha bila kumwaibisha mbele ya watu wake, akamwachia kazi na kuendelea na safari.

Tunajua mambo mengi ya kazi yake sababu alikuwa na desturi ya kuandika. Miaka mingi alishika daftari la safari zake na kazi zake. Vijana waliotumwa hawakupotea katika kichwa chake.

Katika ngazi hizi nne, sisi viongozi wa vijana tunapenda sana ya pili, maana ni rahisi. Tunaitisha kikao, tunafungua Biblia, tunafunga, tunarudi nyumbani. Ngazi ya kwanza inatuchosha, ya tatu inatugharimu, na ya nne inatutisha. Inatutisha kwa nini? Sababu yule mdogo akisimama vizuri, labda atasimama vizuri kuliko sisi. Hapo ndipo moyo wa kiongozi unapopimwa.

6. Kurudi Boga na kuingia porini

Wakati Apolo yuko Toro, wakubwa wa Ulaya walikuwa wakikata mipaka. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani, inchi ya Boga ilihesabiwa upande wa Kongo, na Wabelgiji wakaichukua katika miaka iliyofuata. Kanisa dogo la Boga lilijikuta limetengwa na mama yake wa Uganda kwa mpaka wa serikali. Wazungu wa misioni yake hawakukaa kule. Nani atawachunga?

Apolo alikuwa amepita miaka hamsini. Angeweza kutafuta pahali pa kupumzika. Kumbe, karibu mwaka 1915 alirudi Boga, na hapo ndipo alipofanya makao mpaka kufa.

Mwaka 1921, akiongozwa tena na maono, aliingia katika pori la Ituri kwa Wambuti. Watu wengi wa vijiji waliwadharau Wambuti na kuwahesabu kama watu nusu. Apolo alikaa nao, akasikiliza lugha yao, akawafundisha kusoma, na akafanya kazi ya kugeuza Injili ya Marko katika maneno yao. Wako wachache waliobatizwa wakati wake. Hesabu si kubwa, lakini mlango ulifunguliwa, na walioingia porini pamoja naye ni vijana wake, waliojifunza kwamba hakuna mtu mdogo mno kwa Injili.

Mwaka 1922 kanisa la Uganda lilimfanya kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Heshima ile haikumwondoa Boga. Aliendelea na jembe lake, watoto wake na wasomaji wake.

7. Kichwa upande wa magharibi

Mwaka 1933 ugonjwa wa moyo ulimshika. Alikuwa amekwenda Uganda kutafuta dawa, na alipofahamu kwamba siku zake zimekwisha, alitaka kurudi Boga afe kati ya watu wake. Njia ilikuwa ndefu na mwili umechoka, lakini alifika.

Aliacha neno moja juu ya maziko yake. Desturi ya watu ilikuwa kumlaza maiti na kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliomba kichwa chake kilazwe upande wa magharibi, upande wa pori kubwa la Kongo, sababu kazi ya upande ule ilikuwa haijaisha. Ni hivyo alivyozikwa.

Sasa tuulize lile swali letu la kwanza. Baada ya kiongozi kwenda, kikundi kilikufa? Hapana. Vijana aliowalea walichukua kazi. Nasani Kainike na Yusufu Limenya, waliofundishwa naye, walifikia kuwa makasisi na kulichunga kanisa la Boga. Walimu wa vijiji waliendelea katika sinagogi zao. Watoto wao walitawanyika kwa kazi na biashara katika miji mingine, na pale walipofika wakaanzisha ibada. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika inchi yetu, na mwaka 1992 dayosisi zikaunganishwa kuwa provinsi moja. Yote haya yalianza kwa watu wachache waliokaa juu ya majani na kufuata herufi kwa kidole.

Boga imeona machozi pia katika miaka yetu hii. Mwishoni mwa Mei 2021, siku zile zile ambazo wakristo wanamkumbuka Apolo, wauaji waliingia Boga na Tchabi, wakaua watu wengi, na maelfu wakakimbia. Tunaandika jambo hili kwa sababu moja. Mtoto aliyekimbia na kupoteza jamaa hahitaji kwanza mhubiri mwenye sauti kubwa. Anahitaji mkubwa mmoja atakayekaa naye, kumwuliza kama amekula, kufuata herufi pamoja naye. Kazi ya Apolo haijapita wakati.

8. Sisi tufanye nini?

Wenzetu wa mwaka wa sita, baada ya egzame ya Serikali tutaondoka. Vitanda vyetu vya internati vitapewa wengine. Sisi doyeni, kapita wa madarasa, viongozi wa korali na wa maombi ya asubuhi, tuna miezi michache tu. Tumekubaliana mambo haya, na tunayaweka mbele yenu ili mtuangalie kama tunayafanya.

Kila mmoja wetu achague wadogo wawili wa mwaka wa tatu ao wa nne. Si wawili wanaotufulia mashati na kutuletea maji. Kama mdogo anajua kwetu kazi ya ndoo tu, tumemfundisha utumwa, hatukumfundisha uongozi.

Siku ya maombi, mdogo asimame mbele na mkubwa akae nyuma. Akikosea, asisahihishwe mbele ya watu. Mkubwa atamwita pembeni, jioni, na kumwonyesha pole pole.

Tukienda kumtembelea mgonjwa ao mwenye kufiwa, tusiende peke yetu. Twende na mdogo, aone tunasema nini, na hasa aone wapi tunanyamaza.

Ufunguo wa kabati na daftari la mchango viende mikononi mwa wadogo kabla hatujaondoka, wakati bado tuko hapa kujibu maswali yao. Anayekabidhi ufunguo siku ya mwisho, gari likiwa limekwisha kupiga honi, hakukabidhi kitu.

Na dada zetu wasisahauliwe. Wasomaji wa zamani walikuwa wanaume na wanawake juu ya majani yale yale. Kikundi ambacho wasichana wanapika tu siku ya sikukuu, na hawaongozi hata sala moja, kimejikata mkono mmoja.

Waswahili wanasema udongo upatilize uli maji. Wadogo zetu ni udongo ambao maji yake hayajakauka. Tukingoja mpaka wakomae, tutakuta chungu kimekauka vibaya, na tutalaumu udongo.

Apolo alinunua jembe moja, akafungua nyumba moja, akafundisha herufi moja baada ya ingine. Kichwa chake kinaelekea huku kwetu mpaka leo. Mungu atusaidie, ili siku tutakapoondoka mlango wa kikundi uendelee kufunguliwa asubuhi, na anayeufungua awe mtu tuliyekaa naye.

Ni sisi, wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita.